Antivairasi feki imefutwa mara tatu na kila mara inarudi. Inatokea wapi?

#1 Mchapaji_Wandegeya
Wakuu, salaam. Kuna kompyuta ya duka la kuchapa, Windows 10 ya biti 64, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Kwenye kona ya chini kulia kinatokea kidirisha chenye ngao nyekundu, kinajiita kinga dhidi ya programu za kijasusi. Kinaskani kwa sekunde 40, kisha kinasema kimekuta vitisho 1,274. Ukibofya kuondoa, kinadai dola 39.99 kwa kadi. Jina silitaji, mtu asije akalitafuta akalipakua.

Imefutwa mara tatu kwenye orodha ya programu za Windows. Kila mara inanyamaza siku mbili, siku ya tatu ngao iko palepale. Intaneti ni bando la simu, kwa hiyo msinipe dawa ya kupakua GB 5. Swali ni moja: inarudi kutokea wapi?

#2 FundiArua
Sekunde 40 zimeshakujibu. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde, tena faili zikiwa zimepangana vizuri. Kwa sekunde 40 hiyo ni GB 4 hivi. Hakuna programu iliyosoma GB 500 kwa muda huo. Namba inayoonekana ni picha tu inayochezeshwa.

Dalili nyingine za feki: inaonya bila kuombwa, inaskani bure lakini kuondoa ni kwa malipo, haina njia ya kuifunga, na ikikaa kidogo inamzuia Task Manager asifunguke. Hizi zote zimekuwapo tangu enzi za feki za kale kama SpySheriff na WinFixer, sura ndiyo imebadilika.

#3 Nalongo_PC
FundiArua, hesabu yako ya diski ni sahihi ila hitimisho limekimbia. Skani ya haraka ya antivairasi halali nayo haisomi diski nzima. Inaangalia kumbukumbu, programu zinazoanza na Windows, na folda chache. Muda mfupi peke yake haumtii mtu hatiani.

Vipimo vinavyofaa zaidi ni hivi. Kwanza, fungua orodha ya hivyo "vitisho" uchague kimoja chenye njia kamili ya faili, kisha fungua cmd (dirisha la amri la Windows) uandike dir na njia hiyo ndani ya alama za kunukuu. Feki nyingi hutaja faili ambazo hazipo kabisa kwenye diski, au hutaja vidakuzi vya brauza kana kwamba ni vairasi. Pili, tengeneza faili ya majaribio ya EICAR, ule mstari wa herufi 68 ambayo kampuni za antivairasi zimekubaliana kuitambua. Haina madhara yoyote. Programu inayodai kukuta vitisho 1,274 halafu ikaipita EICAR bila kuiona, hiyo haiskani. Tatu, bofya kulia kwenye faili yake ya exe, fungua sifa, uone kama kuna kichupo cha sahihi ya kidijitali na imetiwa na nani.

Ila sahihi isikutulize moja kwa moja. Vyeti vya kutia sahihi hununuliwa, na vingine huibwa.

#4 KijanaMbale
Mbona mnazunguka. Pakua kisafishaji, futa temp yote (folda ya faili za muda), anzisha upya, mchezo umekwisha.

#5 Bombo_Kaskazini
KijanaMbale, hapana! Hilo la kufuta temp kwanza limepoteza kazi za watu.

Kuna ukoo wa hizi programu, ulivuma mwaka 2011, ukijifanya unarekebisha diski ngumu. Ulikuwa unaficha faili zote za mtumiaji ili aamini diski imekufa, kisha unahamisha njia za mkato za menyu ya kuanzia na za eneokazi kwenda kwenye folda inayoitwa smtmp, ndani ya %Temp%. Ndani ya smtmp kuna folda zenye namba: moja ya menyu, nyingine za mwambaa wa chini, nyingine ya eneokazi. Ukifuta temp, umefuta nakala pekee. Faili zilizofichwa zinarudi kwa attrib au kwa programu ndogo ya Unhide, lakini njia za mkato ndiyo basi tena.

Kwa hiyo temp ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kila kitu cha mteja kinaonekana.

#6 KijanaMbale
Nimekuelewa, mzee. Nimejifunza. Lakini kompyuta ya mleta uzi haijaficha faili, sivyo?

#7 MwalimuJinja
Mleta uzi, jibu hili kabla hatujaenda mbali: hicho kidirisha kina jina dogo la tovuti chini ya maandishi, au nembo ya Chrome kwenye kona yake? Kama kipo, hapo hakuna programu ya kufuta. Ni arifa ya brauza. Mtu aliingia tovuti ya kutazama mpira au ya kupakua nyimbo, ikamwambia "bonyeza ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", naye akaruhusu. Tangu hapo tovuti ile inatuma arifa hata kichupo kikiwa kimefungwa, kwa sababu Chrome inabaki ikiendelea chinichini.

Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani. Ondoa kila tovuti usiyoijua kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, kisha chagua tovuti zisiweze kuomba ruhusa tena. Kwenye mipangilio ya mfumo ya Chrome, zima pia ile ya kuendelea na programu za chinichini brauza ikifungwa. Kazi ya dakika 2, bando halitumiki.

#8 Mchapaji_Wandegeya
Asante Mwalimu. Nimetazama kwa makini, ni vitu viwili. Vingine ni arifa kweli, zina jina la tovuti chini, na kwenye orodha nimekuta tovuti 11 zilizoruhusiwa. Zote nimetoa. Lakini kidirisha chenye ngao hakina jina la tovuti, kinabaki hata Chrome ikiwa imefungwa kabisa, na kwenye Task Manager kina mchakato wake. Bofya kulia, fungua mahali faili ilipo: iko ndani ya %LocalAppData%, yaani sehemu ya folda ya AppData ya mtumiaji, kwenye folda yenye jina la herufi ovyo.

Nalongo, EICAR imeipita bila kuiona. Na vile "vitisho" vitatu nilivyovitafuta kwa dir, havipo.

#9 MwalimuJinja
Basi hapo nakubali kuna programu halisi. Lakini sibandui nadharia yangu: arifa ndiyo mlango. Arifa inamleta mtu kwenye ukurasa, ukurasa unampa faili ya kupakua, anaibofya. Ukifuta programu ukaacha arifa, baada ya siku mbili mtu mwingine pale dukani anabofya tena.

#10 FundiArua
Mwalimu, mtu hawezi kubofya kwa ratiba. Siku mbili kimya, ya tatu inarudi, mara tatu mfululizo? Hiyo ni kazi iliyopangwa ndani ya Windows yenyewe. Fungua cmd kama msimamizi, uandike:

schtasks /query /fo LIST /v > "%userprofile%\Desktop\kazi.txt"

Fungua hiyo faili, tafuta neno AppData, halafu powershell, halafu wscript, halafu mshta; hivyo vitatu vya mwisho ni vyombo vya Windows vya kuendesha amri. Kazi inayoendesha kitu kutoka AppData, au powershell yenye mstari mrefu wa herufi zisizosomeka, ndiyo mzizi. Kufuta programu kwenye orodha ya Windows si lazima kuguse kazi zilizopangwa. Ndiyo maana inarudi.

Na kwa nini AppData? Kwa sababu mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuandika humo bila Windows kumwomba idhini ya msimamizi. Programu ya heshima kwa kawaida hukaa Program Files. Nasema kwa kawaida, maana hata baadhi ya halali hukaa AppData.

#11 Nalongo_PC
Naandika mpangilio mzima wa kuondoa, maana nikisoma naona kila mmoja anashika kipande chake. Mfuate kwa zamu hii, zamu ndiyo dawa.

Kwanza hamisha kazi za wateja kwenye diski ya nje. Nyaraka na picha tu, usinakili exe wala folda ya AppData. Kisha kata intaneti. Programu hizi nyingi ni vipakuzi: ukifuta kipande, kipande kilichobaki kinapakua kingine.

Halafu ingia hali salama. Shikilia Shift huku ukibofya kuanzisha upya, chagua kutatua matatizo, chaguo za kina, mipangilio ya kuwasha, anzisha upya, kisha bonyeza 4. Ukitaka hali salama yenye mtandao bonyeza 5. Mtego ni huu: kwenye hali salama PIN mara nyingine haikubali, inatakiwa nywila yenyewe. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Uwe navyo mkononi kabla hujaanza. Usipitie msconfig kuweka hali salama kama hujui nywila, utajifungia: kompyuta itarudi hali salama kila inapowaka na wewe huwezi kuingia kuibadilisha.

Ndani ya hali salama, fungua Autoruns ya Sysinternals, inayoorodhesha kila kinachoanza na Windows (iwe kwenye fleshi, ni ndogo). Ficha vitu vya Microsoft kwenye chaguo zake. Mstari wa rangi ya waridi ni ule ambao mtoaji wake hajulikani au sahihi haikuthibitika. Wa njano ni ule ambao faili yake haipo tena. Ondoa tiki kwanza, usifute. Tiki unaweza kuirudisha, ulichofuta hukirudishi. Angalia vichupo vya kuingia, kazi zilizopangwa na huduma. Andika pembeni njia ya kila faili unayoitilia shaka.

Hapo ndipo ufute folda ya AppData, uanzishe upya kwa kawaida, urudishe intaneti, na upitishe AdwCleaner, kisafishaji cha programu za matangazo. Haifiki MB 10, bando linaivumilia. Mwisho ni skani ya Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) nje ya Windows: fungua PowerShell kama msimamizi, andika Start-MpWDOScan. Kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe, itaskani kama dakika 15. Kwa diski ya kuzunguka yaweza kuwa zaidi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, fanya saa ambayo umeme wa mtaa wako hauna wasiwasi.

#12 Ssalongo_Mbarara
Nalongo amefundisha. Naongeza yale yanayokutana na mtu katikati ya njia.

Ukifuta exe ya feki halafu kila programu ikagoma kufunguka, usihofu, hujaharibu Windows. Koo fulani hubadilisha jinsi Windows inavyofungua exe zote, ili kila unachobofya kipitie kwao kwanza. Ukiwafuta, njia inakatika. Angalia HKCU\Software\Classes kwenye rejistri: kama kuna .exe humo imewekwa na mtu, maana kwa kawaida haipo. Ifute. Kisha kwenye cmd ya msimamizi andika assoc .exe=exefile, halafu ftype exefile="%1" %*. Kama hata cmd haifunguki, ndiyo maana RKill, kijiprogramu cha kuua michakato ya feki, hutolewa pia ikiwa na jina la mwisho la .com, inapita mlango mwingine.

Kama Task Manager au regedit pekee ndiyo inagoma, tazama Image File Execution Options chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion. Ukikuta taskmgr.exe humo ina thamani inayoitwa Debugger, hiyo ndiyo kufuli. Futa thamani hiyo.

Intaneti ikikataa baada ya kusafisha, feki ilikuwa imeweka proksi kwenda 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe. Izime kwenye mipangilio ya mtandao, kisha netsh winhttp reset proxy. Na faili ya hosts, inayoelekeza majina ya tovuti, iliyoko C:\Windows\System32\drivers\etc, kwenye Windows 10 mpya mistari yake yote huanza na alama ya reli (#). Mstari usio na alama hiyo, jiulize nani ameuweka.

#13 KijanaMbale
Ssalongo, kumbe RKill peke yake inatosha kuondoa?

#14 Ssalongo_Mbarara
Haiondoi kitu. Inaua michakato inayoendelea tu, ili skana yako ipate nafasi. Ndiyo maana ukishaipitisha usianzishe kompyuta upya kabla ya kuskani. Ukianzisha, vyote vimeamka tena.

#15 Kikuubo_Fleshi
Wote mmesahau duka lenyewe. Ni duka la kuchapa Wandegeya! Kila mwanafunzi wa Makerere anakuja na fleshi yake. Mnaenda kutafuta kazi zilizopangwa wakati mlango uko mbele ya mashine, una tundu la USB. Fleshi ikichomekwa inajiendesha yenyewe, mambo yanaanza upya.

#16 Bombo_Kaskazini
Kikuubo, la fleshi nakuunga mkono, la kujiendesha hapana. Windows 7 ilikuja ikiwa imezima kujiendesha kwa fleshi, na XP na Vista zikapelekewa sasisho la kuzima mwezi wa Februari 2011. Fleshi ya leo inangoja mkono wa mtu. Kinachofanyika ni hiki: mnyoo unahamisha faili zote za fleshi kwenye folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, herufi ya 160, isiyoonekana. Nje unaacha njia ya mkato moja yenye picha ya diski. Mchapaji anaibofya akidhani anafungua fleshi, mnyoo unaingia, na folda inafunguka kama kawaida. Haoni tofauti yoyote.

Usifungue fleshi ya mteja kwa kubofya ikoni yake. Fungua kwa mti wa folda ulio kushoto, washa kuonyesha faili zilizofichwa na majina ya mwisho ya faili. Ukikuta njia ya mkato badala ya folda, acha. Kwenye cmd, kama fleshi ni E:, andika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na folda isiyo na jina itajitokeza. Amri hii ni ya fleshi tu. Usiipitishe C: yote, itafichua na kuvuruga faili za mfumo ambazo zimefichwa kwa sababu.

#17 Afande_Kompyuta
Nauliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Windows ya hapo imewashwaje? Kwa leseni au kwa kile kijiprogramu cha kuwasha bure?

Vijiprogramu vile huja na maelekezo: zima antivairasi kwanza, au ongeza folda hii kwenye vilivyosamehewa vya Defender. Mtu anafanya, halafu anasahau. Tangu siku hiyo Defender ina shimo. Chochote kitakachowekwa kwenye folda ile hakitaguswa hata ukiskani mara mia. Fungua PowerShell kama msimamizi:

Get-MpPreference | select ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Kwenye kompyuta ya duka hapo pasiwe na kitu. Ukikuta C:\ nzima imesamehewa, umepata jibu. Ondoa kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath na njia yenyewe.

#18 FundiArua
Afande, hilo ni zito. Hata hivyo msamaha wa Defender hauleti programu, unailinda tu. Bado lazima kuwe na kinachoileta kila siku ya tatu.

#19 Kikuubo_Fleshi
Kinacholeta ni fleshi 😀

#20 Dada_Mukono
Naomba kuingiza kidogo upande wa pesa, kwa sababu wapo wanaosoma ambao wameshalipa.

Ukilipa hizo dola 39.99, hasara si dola hizo pekee. Namba ya kadi imebaki kwao, na nyingi hujirudia kila mwezi kwa jina lisilofanana na la programu. Piga benki siku hiyohiyo, waombe wafunge kadi na wafungue pingamizi la malipo. Usiwasubiri "kurudisha pesa" wenyewe. Wakikupigia simu wakitaka uweke programu ya kuendesha kompyuta yako kwa mbali ili wakurejeshee, wewe kata simu. Kama ilikuwa kadi pepe ya mobile money, ifute na utengeneze mpya. Hifadhi picha ya ukurasa wa malipo na ujumbe wa muamala. Polisi watauliza, na kitengo cha taifa cha dharura za kompyuta (CERT) kilicho chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, hupokea taarifa za namna hii pia.

Biashara hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Desemba 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki waliokuwa nyuma ya WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe na XP Antivirus, ikisema zaidi ya watu milioni moja walinunua. Mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163 dhidi ya mmoja wao.

#21 Nalongo_PC
Asante dada. Na mstari kati ya feki na halali si mnene kama tunavyouchora. Mwaka 2019 Office Depot na Support.com walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC: programu yao ya kukagua kompyuta ilianza na maswali manne, kama kompyuta imekuwa nzito, kama inagoma na kadhalika, na ukitia tiki kwenye moja tu, matokeo yalionyesha dalili za programu hasidi hata skani isipokuta kitu. Mwaka 2024 Restoro na Reimage nao wakakubali kulipa milioni 26 kwa madai ya kutishia watu kwa skani zao. Hizo zilikuwa kampuni zenye ofisi. Kwa hiyo kigezo changu hakiulizi kama kampuni inajulikana. Nauliza kama programu inaweza kunionyesha faili yenyewe.

#22 KijanaMbale
Mimi ndiyo maana nawaambia watu watumie Mac, haya mambo hayapo huko.

#23 Ssalongo_Mbarara
Yapo, mdogo wangu. Mei 2011 MacDefender iliwasumbua watumiaji wa Mac hasa, na Apple wakatoa sasisho la usalama tarehe 31 mwezi huo. Ndani ya siku moja likatoka toleo jipya la kulikwepa. Kipimo kizuri cha kurasa hizi ni kuzifungua kwenye Ubuntu: zinakuonyesha diski C: imejaa vairasi kwenye kompyuta ambayo haina C:.

#24 Mchapaji_Wandegeya
Wakuu, nimefuata zamu ya Nalongo, hali salama na Autoruns. Majibu haya hapa.

Kazi iliyopangwa ipo. Imejiita sasisho la brauza, inaita powershell, imewekwa kujirudia kila siku 3. FundiArua, ulilenga.

Vilivyosamehewa na Defender: folda moja, iko C:\Users\Public. Ndani yake kuna kijiprogramu cha kuwasha. Afande, ulilenga.

Chrome ina kiendelezi kisichofutika, na menyu ya Chrome inasema inasimamiwa na shirika. Duka halina shirika lolote. Na njia za mkato za fleshi nimezikuta mbili kwenye folda ya nyaraka.

Sasa nani kamleta mwenzake?

#25 MwalimuJinja
Kiendelezi kisichofutika kimewekwa kwa sera ya rejistri. Fungua chrome://policy utaona ExtensionInstallForcelist. Ifute chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na utazame HKCU vilevile, kisha uanzishe Chrome upya. Kama akaunti ya Google imesawazishwa, zima usawazishaji kabla ya kusafisha na ufute data kwenye ukurasa wa usawazishaji wa akaunti. La sivyo viendelezi vingine na mipangilio itarudi kutoka mawinguni. Hiyo nayo ni njia ya kurudi, msiisahau.

#26 FundiArua
Kuhusu nani kamleta nani, soma tarehe. Nenda C:\Windows\System32\Tasks, fungua faili ya hiyo kazi kwa Notepad. Juu kuna mstari wa Date na Author. Linganisha na tarehe ya kuundwa ya folda ya kijiprogramu na ya ile ya AppData. Kilichotangulia ndicho baba.

#27 Bombo_Kaskazini
Tahadhari hapo: faili ikinakiliwa kutoka fleshi, tarehe ya kuundwa inakuwa ya siku ya kunakili, lakini tarehe ya kubadilishwa inabaki ya zamani. Ukiona imebadilishwa kabla ya kuundwa, ilinakiliwa kutoka mahali. Na Date kwenye kazi huandikwa na aliyeitengeneza, anaweza kuandika uongo au asiandike kabisa.

#28 Mchapaji_Wandegeya
Folda ya kijiprogramu: imeundwa Jumanne saa 8:05 mchana, imebadilishwa miezi saba kabla. Kazi iliyopangwa haina Date. Exe ya AppData: Jumanne hiyohiyo, saa 8:40 mchana.

#29 Afande_Kompyuta
Dakika 35 baada ya kijiprogramu. Mimi sina la kuongeza.

#30 Kikuubo_Fleshi
Na hicho kijiprogramu kilinakiliwa, kwa maneno ya Bombo mwenyewe. Kutoka wapi kama si fleshi?

#31 MwalimuJinja
Dakika 35 ni nyingi kwa kipakuzi, kwa kawaida hakingoji hivyo. Dakika 35 zinatosha kabisa mtu kuona arifa na kuibofya. Tazama historia ya Chrome ya Jumanne kati ya saa 8:05 na 8:40.

#32 Nalongo_PC
Kabla hujaifuta exe ya AppData, iulize yenyewe. Kwenye cmd ingia folda yake, andika dir /r. Ukiona mstari wa pili wenye Zone.Identifier, andika more < jina.exe:Zone.Identifier. ZoneId=3 maana yake ilitoka intaneti, na Chrome mara nyingi huandika HostUrl, anwani iliyoitoa. Hiyo ingempa Mwalimu haki. Ikikosekana, ilitoka kwenye fleshi ya FAT32 ambayo haibebi alama hiyo, au ilishushwa na programu nyingine.

#33 Ssalongo_Mbarara
Au ilikuwa ndani ya zip ikafunguliwa kwa programu isiyopitisha alama. 7-Zip kwa mipangilio yake ya kawaida haipitishi. Kukosekana hakumfungi mtu.

#34 Mchapaji_Wandegeya
Nimeangalia. Exe ya AppData haina Zone.Identifier. Lakini kwenye folda ya vilivyopakuliwa kuna zip ya Jumanne saa 8:31 yenye ZoneId=3, na HostUrl ni moja ya zile tovuti 11 nilizozitoa kwenye arifa.

#35 MwalimuJinja
Ahsante.

#36 Afande_Kompyuta
Mwalimu, subiri. Saa 8:31 Defender ilikuwa tayari imesamehe C:\Users\Public tangu kijiprogramu kiwekwe. Zip ilifunguliwa wapi? Mleta uzi, tazama C:\Windows\Prefetch, ambako Windows huweka alama za exe zilizoendeshwa, panga kwa tarehe ya kuundwa, utuambie exe zipi zilikimbia kati ya 8:31 na 8:40.

#37 Kikuubo_Fleshi
Na C:\Windows\INF\setupapi.dev.log, tafuta USBSTOR. Fleshi mpya zilizochomekwa mara ya kwanza Jumanne zimeandikwa humo na saa zake.

#38 Mchapaji_Wandegeya
Prefetch: saa 8:33 powershell, saa 8:40 exe yenyewe. Logi ya USB ina fleshi mpya nne mchana ule, moja ni ya saa 8:02 na nyingine ya saa 8:32. Kazi nimeizima, sera ya Chrome nimeifuta, msamaha wa Defender nimeuondoa, na kijiprogramu kimetoka. Skani ya nje ya Windows imekuta vitu viwili, vyote kwenye Public. Leo ni siku ya kwanza. Nitaandika siku ya nne.

#39 Nalongo_PC
Vizuri. Siku ya nne usiangalie kona ya chini kulia pekee. Endesha tena schtasks, uhifadhi kwa jina kazi2.txt, kisha ulinganishe na ya kwanza kwa fc kazi.txt kazi2.txt. Na nywila za barua pepe na za akaunti za duka zibadilishe leo, ukitumia kifaa kingine.